Rejista ya wagonjwa wa skleroderma: tupime nini, na zile mililita 41 zina maana gani?

Mtafiti_Kanda

Habari za kazi wadau. Tunaandika protokali ya rejista ya skleroderma ya mwili mzima, ile inayoingia hadi mapafu, moyo, figo na utumbo. Ni hospitali ya rufaa hapa Tanzania. Tunalenga wagonjwa 60, tuwafuatilie kwa miaka miwili. Vifaa tulivyonavyo ni spirometa, mashine moja ya DLCO (kipimo cha gesi inavyopita kutoka mapafuni hadi kwenye damu), CT, eko ya moyo na maabara ya kawaida. Katheta ya moyo upande wa kulia ni mpaka mgonjwa apelekwe kwingine.

Tumekwama sehemu tatu:

1. Kipimo kikuu kiwe ngozi au mapafu? Wenzangu wanataka ngozi kwa sababu ni vidole vya daktari tu, hakuna gharama.

2. Jaribio la SENSCIS la 2019 lilionyesha nintedanibu (dawa ya kupunguza makovu ya mapafu) inapunguza upotevu wa FVC, yaani hewa yote mtu anayoweza kuipuliza kwa nguvu, kwa mililita 41 kwa mwaka. Lakini spirometa yenyewe inaruhusu mipulizo miwili bora itofautiane hadi mililita 150. Sasa hizo 41 zinatoka wapi? Na je, ndani ya rejista yetu tunaweza kulinganisha wanaotumia mikofenoleti (dawa ya kushusha kinga) na wasiotumia?

3. Ni matatizo gani yanayoua haraka ambayo fomu zetu zisiyakose?

MpimaPumzi

Mkuu, nianze na mashine, maana kipimo kikiharibika pale hakuna takwimu itakayokuokoa.

Kila asubuhi hakiki spirometa kwa sirinji ya lita 3, kwa kasi tatu tofauti. Ikitoka nje ya asilimia 3, usipime mtu. Mgonjwa apulize mpaka upate mipulizo mitatu inayokubalika, na FVC mbili kubwa zisipishane zaidi ya mililita 150. Ukifika majaribio manane acha, atakuwa amechoka na namba zitaanza kushuka zenyewe.

Hayo ni ya kila mgonjwa. Ya skleroderma ni haya:

Mdomo. Ngozi ya uso ikikaza, mdomo haufunguki vizuri na midomo haishiki kipande cha kupulizia. Hewa inavuja pembeni, FVC inatoka ndogo, mnaandika "mapafu yameharibika" kumbe ni uvujaji. Tafuteni kipande chembamba au chenye mdomo bapa wa mpira, msaidizi ashike mashavu. Muhimu zaidi: mgonjwa aliyeanza na kipande fulani aendelee nacho hadi mwisho wa utafiti. Andikeni aina yake kwenye fomu.

Urefu. FVC ya kutarajiwa inakokotolewa kutoka urefu, umri na jinsia. Mgonjwa aliyekunjika magoti hasimami sawasawa. Wengine hukimbilia kupima upana wa mikono, lakini skleroderma hukunja pia viwiko na vidole, kwa hiyo nao unadanganya. Pimeni urefu mara moja kwa uangalifu siku ya kwanza, mtumie huohuo miaka yote miwili.

Damu. DLCO hushuka mgonjwa akiwa na upungufu wa damu, na hawa hupungukiwa sana: tumbo lenye vishipa vinavyovuja, chakula kisichofyonzwa, hedhi. Pimeni hemoglobini siku ileile na mrekebishe. Bila hivyo, mgonjwa aliyepata vidonge vya madini ya chuma ataonekana mapafu yake "yamepona". Kati ya jaribio moja la DLCO na lingine subirini dakika 4 gesi iishe. Mwenye kituo cha pili Nairobi au Arusha akumbuke mwinuko: hewa ikiwa na oksijeni pungufu DLCO inasomeka juu kidogo, na programu ya mashine lazima ijue.

Kidole. Msipime oksijeni kwenye kidole. Kwa mwenye Raynaud (vidole kubadilika rangi kwa baridi) mishipa ya vidole imebana, kipimo kinasoma 84 wakati damu ina 96. Wekeni kwenye paji la uso kwa kihisi chake maalumu, au kwenye ndewe ya sikio. Jaribio la kutembea dakika 6 nalo lina matatizo, kwani mtu anaweza kushindwa kwa sababu ya magoti na nyayo, si mapafu. Lifanyeni, ila lisiwe kipimo kikuu.

Jambo la mwisho, mwizi wa kimyakimya: fomula ya thamani za kutarajiwa. GLI (fomula za kimataifa) ya 2012 ina kundi la watu weusi, na thamani zake ni za chini. GLI Global ya 2022 haina kigezo cha asili ya mtu. Mgonjwa yuleyule, mpulizo uleule, ukihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili asilimia yake inashuka. Aliyekuwa juu ya 70 anaweza kujikuta chini bila pafu kubadilika hata kidogo. Chagueni moja, iandikwe kwenye protokali, na mhifadhi namba ghafi kwa mililita. Mililita hazina siasa.

Bi_Takwimu

Nichukue swali la 1 na la 2.

Ngozi kama kipimo kikuu: nisingeshauri. Alama ya mRSS, ile ya ukazo wa ngozi, inapimwa sehemu 17 za mwili, kila moja 0 hadi 3, jumla 51. Ni rahisi, kweli. Tatizo la kwanza ni mpimaji: madaktari wawili wakimpima mtu mmoja hutofautiana karibu mara mbili ya daktari mmoja anavyojitofautisha na nafsi yake. Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Kwa ugonjwa ulioenea ngozi nyingi, ngozi hukaza miaka ya mwanzo kisha huanza kulainika yenyewe, dawa ama bila dawa. Kwa hiyo kundi la plasebo (dawa bandia) nalo linapata nafuu.

Tazama focuSSced, jaribio la tosilizumabu, dawa ya kushusha kinga (miligramu 162 chini ya ngozi kila wiki, wiki 48, watu 210, matokeo 2020). Kipimo kikuu kilikuwa ngozi: tosilizumabu ilishusha alama 6.1, plasebo ikashusha 4.4, tofauti haikufikia kiwango cha kitakwimu. Jaribio likashindwa kwa kipimo chake kikuu. Lakini FVC, iliyokuwa kipimo cha pili, ilishuka kwa pointi 0.4 tu kwa waliopata dawa na pointi 4.6 kwa plasebo. Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaiidhinisha kwa ajili ya mapafu, si ngozi. Angalieni pia waliingizwa nani: ugonjwa wa mapema, ulioenea, wenye viashiria vya uvimbe vilivyopanda kwenye damu. Msiipeleke dawa hiyo kwa mgonjwa wa miaka 12 mwenye kovu lililokauka mkadhani ushahidi unamhusu.

Endeleeni kupima ngozi, ila mpimaji mmoja kwa mgonjwa mmoja, na mkubaliane mapema kama sehemu yenye ukazo tofauti inapewa wastani au alama ya juu kabisa. Mkichanganya njia hizo mbili, kazi yote ya ngozi imekwenda na maji.

Sasa mililita 41. SENSCIS iliingiza watu 576 katika nchi 32. Walioanza nintedanibu miligramu 150 mara mbili kwa siku walipoteza wastani wa mililita 52.4 kwa mwaka, plasebo 93.3. Ile 150 ya spirometa ni kosa la mpulizo wa mtu mmoja siku moja. Makosa hayo huenda juu na chini, na ukiwa na mamia ya watu waliopimwa mara nyingi yanafutana. Kwa hiyo 41 ni ya kweli kwa kundi, lakini kwa mgonjwa aliyekaa mbele yako huwezi kuiona. Mgonjwa akishuka mililita 60 kati ya miezi mitatu, hujui kitu bado. Rudia.

Kwenu ninyi wenye watu 60 hesabu iko hivi. Tuseme mkengeuko sanifu wa mabadiliko ya mwaka ni mililita 200. Kugundua tofauti ya 41 kwa nguvu (uwezekano wa kuiona ikiwa ipo) ya asilimia 80 mnahitaji watu takriban 373 kila upande. Mkigawa 60 wenu nusu kwa nusu, tofauti ndogo mnayoweza kuikamata ni karibu mililita 145. Rejista yenu haiwezi kuthibitisha dawa, na protokali isiahidi hivyo.

Kuhusu mikofenoleti: usilinganishe tu. Anayepewa ni yule daktari aliyemwona anazorota. Hata ndani ya SENSCIS, plasebo waliokuwa tayari kwenye mikofenoleti walipoteza 66.5 na wasiokuwa nayo 119.3. Inavutia macho, ila mikofenoleti haikugawiwa kwa kura pale, kwa hiyo namba hizo si ushahidi wa mikofenoleti. Ushahidi wake unatoka jaribio la SLS II la 2016: gramu 1.5 mara mbili kwa siku kwa miezi 24 dhidi ya sikilofosfamidi (dawa kali zaidi ya kushusha kinga) ya vidonge kwa miezi 12. Mapafu yalifanya karibu sawa pande zote, lakini wa sikilofosfamidi waliathirika zaidi kwenye chembe nyeupe na wengi waliacha dawa. Hiyo ndiyo sababu mikofenoleti ikawa chaguo la kwanza sehemu nyingi.

Mambo mawili ya rejista ambayo watu huyakosea:

Siku sifuri. Hesabuni muda wa ugonjwa kuanzia dalili ya kwanza *isiyo* Raynaud (vidole kuvimba, kukazana, kiungulia kisichoisha). Vidole kubadilika rangi kwa baridi kunaweza kutangulia miaka mingi, na mkianzia pale wote wataonekana wagonjwa wa muda mrefu.

Waliofariki na waliopotea. Mtu mwenye mapafu mabaya hafiki kwenye mpulizo wa mwezi wa 24. Mkichambua waliofika tu, wastani wa FVC utapanda na mtafurahi bure. Andikeni kila kutokuja na sababu yake, namba za simu mbili za ndugu, na mchambue mteremko wa FVC kwa modeli inayotumia vipimo vyote vilivyopo. Kuzorota mkuhesabu kwa mgonjwa mwenyewe: FVC kushuka asilimia 10 au zaidi ya ilivyokuwa, au asilimia 5 hadi chini ya 10 ikiambatana na DLCO kushuka asilimia 15, ndani ya mwaka. Ni asilimia *ya alichokuwa nacho*: kutoka lita 2.00 hadi 1.80 tayari ni 10. Kutoka 70 ya kutarajiwa hadi 63 nayo ni 10, ingawa pointi ni 7.

Maabara_Kinga

Nyongeza fupi upande wa kingamwili. Kwa kuingiza watu tumieni vigezo vya ACR/EULAR (vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya) vya 2013, alama 9 kwenda juu. Ngozi iliyokaza vidole vya mikono yote miwili na kuvuka vifundo vya ngumi inatosha peke yake. Hivi ni vigezo vya utafiti, mgonjwa mwenye alama 7 bado anaweza kuwa na ugonjwa na ahudumiwe.

ANA (kingamwili dhidi ya kiini cha seli) ipimwe kwa hadubini ya mwanga wa floresensi kwenye seli za HEp-2, si kwa ELISA (kipimo cha mashine) pekee. Sababu: kingamwili za U3-RNP huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na paneli nyingi za kibiashara hazina kipimo chake. ELISA itasema "hasi", wakati kwenye hadubini nukleoli zinawaka wazi. Kwa hiyo sentromea hasi na Scl-70 hasi (kingamwili mbili zinazopimwa sana) haimaanishi hakuna skleroderma. Kinyume chake, Scl-70 dhaifu kwenye ukanda wa paneli, bila dalili, mara nyingi ni chanya ya uongo.

Mkiweza lipieni kipimo cha kingamwili za RNA polimerasi III. Inatabiri hatari ya figo na inaambatana na saratani inayojitokeza karibu na wakati ugonjwa unapoanza, jambo linalobadilisha uchunguzi wa mwaka wa kwanza.

Seramu igawanywe kwenye vichupa vidogo siku ileile, nyuzi 80 chini ya sifuri. Kuyeyusha na kugandisha tena ndiko kunakoua sampuli kwenye majokofu yetu, pamoja na umeme.

Mtafiti_Kanda

Asanteni sana. Dada Takwimu, umenivunjia ndoto ila kwa haki. Swali dogo: wagonjwa wengi wanafika kwetu tayari wako kwenye prednisoloni (steroidi), miligramu 30 hadi 60, kwa ajili ya viungo au ngozi. Tuwaache nayo? Na wapo wanaopendekeza tuwape wote kaptoprili (dawa ya presha ya kundi la ACE) mapema kuzuia figo zisiporomoke.

Figo_Kwanza

Hapo ndipo swali lako la 3 linapoanzia, Daktari.

Prednisoloni miligramu 15 kwa siku au zaidi inaambatana na kuongezeka kwa hatari ya figo kuporomoka ghafla, hasa kwa ugonjwa ulioenea ngozi nyingi ndani ya miaka ya kwanza minne mitano. Shusheni taratibu hadi chini ya 10 ikiwezekana. Msikate ghafla, tezi za adrenali zimelala. Kwenye fomu wekeni safu ya dozi ya steroidi kila mahudhurio, pamoja na sindano za dukani ambazo mgonjwa hazitaji mpaka aulizwe.

Kaptoprili ya kinga: hapana. Tafiti zinaonyesha waliokuwa tayari kwenye dawa za kundi hili kabla ya shambulio hawakufaidika, na matokeo yao yalielekea kuwa mabaya zaidi. Sababu mojawapo inayofikiriwa ni kwamba presha inafichwa na utambuzi unachelewa. Aliye nazo kwa sababu nyingine afuatiliwe kwa karibu zaidi.

Ila shambulio likianza, dawa hizo ndizo maisha yenyewe. Kwenye takwimu zilizochapishwa 1990, waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja bila dawa za ACE walikuwa asilimia 15. Waliozipata, 76.

Mnalitambua hivi: presha mpya juu ya 140/90 au sistoli kupanda 30 juu ya kawaida yake, kreatinini kupanda, protini au damu kwenye mkojo, chembe sahani kushuka, chembe nyekundu zilizokatikakatika kwenye slaidi. Kichwa kuuma, macho kuona ukungu, degedege. Takriban mmoja kati ya kumi presha yake haipandi kabisa, ndiyo maana kreatinini na mkojo vipimwe hata presha ikiwa 120/80. Wapeni wenye hatari mashine ya presha nyumbani, wapime angalau mara mbili tatu kwa wiki, na waandikiwe kwenye kadi namba ambayo wakiifikia wanakuja siku hiyohiyo. Kwa aliyezoea 100/60, 135/85 ni dharura.

Matibabu: lazwa, kaptoprili miligramu 6.25 hadi 12.5, ongeza kila saa 4 hadi 8, lengo sistoli ishuke karibu 20 na diastoli 10 kwa saa 24 mpaka irudi kwenye kawaida yake. Kosa linaloua ni hili: kreatinini inaendelea kupanda siku za mwanzo, mtu anaogopa, anasimamisha dawa. Usisimamishe. Hata akifika kwenye usafishaji damu endelea nayo, kwani figo zinaweza kurudi hata baada ya mwaka na nusu. Kwa hiyo kwenye rejista "dialisisi" isiwe mwisho wa ufuatiliaji.

EkoNaMoyo

Mimi naongeza shinikizo la mishipa ya mapafu, kwani ndilo linalokuja kimya. Eko, DLCO na NT-proBNP (kipimo cha damu cha moyo kuelemewa) kila mwaka kwa wote. Kwa waliougua zaidi ya miaka 3 na DLCO chini ya asilimia 60 tumieni hesabu ya DETECT ya 2014. Hatua ya kwanza ina vitu sita: uwiano wa FVC kwa DLCO, vishipa vyekundu vya ngozi, kingamwili za sentromea, NT-proBNP, asidi ya uriki, na mhimili wa moyo kwenye ECG. Akivuka, eko: eneo la atriamu ya kulia na kasi ya damu inayorudi kupitia vali ya trikaspidi. Akivuka tena, katheta. Katika kundi la utafiti ule DETECT ilikosa asilimia 4 ya wagonjwa, wakati mwongozo wa 2009 ulikosa 29. Bei yake kwenu ni kwamba inapeleka wengi zaidi kwenye katheta, asilimia 62 dhidi ya 40 ya mwongozo ule.

FVC ikibaki 85 na DLCO ikiwa 45, uwiano karibu 1.9, shuku mishipa, si kovu. Vikishuka vyote pamoja, shuku kovu. Na msianze dawa za mishipa kwa eko peke yake: tangu 2022 ufafanuzi ni wastani juu ya mmHg 20, ukinzani wa mishipa juu ya uniti 2 za Wood na shinikizo la kabari 15 au chini, na hayo yote ni katheta tu inayotoa. Moyo wa kushoto mgumu, kovu la mapafu na shinikizo la kweli la ateri huonekana sawa kwenye eko.

Kwenye ngozi nyeusi vishipa vyekundu havionekani vizuri. Angalieni midomo, ulimi na viganja kwa mwanga wa jua. Mkikosa hapo, alama za DETECT zinatoka ndogo kuliko ukweli.

MpimaPumzi

Mmoja kaniuliza pembeni kuhusu CT. Kila mgonjwa apigwe moja mwanzoni, vipande vyembamba, awe amelala kifudifudi, maana akilala chali uzito wa damu nyuma ya mapafu unafanana na kovu la mapema. Kovu likizidi asilimia 20 ya mapafu ni kubwa, likiwa chini wazi ni dogo, mkibishana tumieni FVC ya 70 kuamua. Baada ya hapo rudieni CT kwa sababu maalumu, si kwa kalenda. Na kwa nchi hizi, CT yenye mapango au vinundu vya juu ipitiwe na mtu wa kifua kikuu kabla hamjaandika mikofenoleti, rituksimabu au tosilizumabu. Makohozi, HIV na homa ya ini B viwe vimerudi kwanza.

Bi_Takwimu

Na kipimo cha mimba, mkuu. Wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake wa umri wa kuzaa. Mikofenoleti na nintedanibu zote zinadhuru mtoto tumboni. Kipimo kabla ya kuanza, njia ya uzazi wa mpango ya uhakika iandikwe kwenye fomu, na anayetaka mimba asimamishe mikofenoleti angalau wiki 6 kabla. Nintedanibu inaharisha robo tatu ya wanaoitumia, akiharisha sana vidonge vya uzazi wa mpango havifyonzwi, kwa hiyo kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi. Kwa rejista wekeni safu mbili tofauti: dozi iliyoandikwa na dozi anayomeza. Wengi hupunguza kimyakimya hadi 100 mara mbili au huacha wikendi, na mtaihesabu kama dawa iliyoshindwa.